Nuru ilivyouchelewesha ulimwengu kujipanga

Mwalimu mmoja wa fizikia wa sekondari huko Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita waliona picha ya ramani ya galaksi, wakaniuliza kwa nini zimejipanga kama utando wa buibui, nyuzi na mafundo na matundu makubwa matupu, badala ya kutapakaa ovyo. Nikawaambia ni uvutano. Binti mmoja akanyoosha mkono: amesoma kwamba mionzi nayo ina mkono wake. Nilikwama, nikamwambia nitauliza. Nuru haina tungamo. Itashindanaje na uvutano wa ulimwengu mzima? Na kama ilishindana, ilibakiza alama gani ambayo mtu anaweza kuiona?"

Marahaba, mwalimu. Umefanya vizuri kumwambia utauliza, maana wengine tungemwambia akae chini tuendelee na silabasi. Binti yuko sahihi, na wewe hukumdanganya. Uvutano ndio fundi aliyejenga. Nuru ilikuwa inamshika fundi mkono. Muda iliomshika, na umbali ilioweza kwenda katika muda huo, ndivyo vilivyoamua utando huo uwe na sura gani.

Kabla sijaendelea, tuelewane juu ya neno. Ukitamka "mionzi" darasani nusu yao watafikiria chumba cha eksirei chenye alama ya hatari mlangoni, au urani. Hapa nina maana pana zaidi: nuru ya kila aina, kuanzia mawimbi ya redio hadi gama. Naongezea nyutrino, chembe nyepesi mno, kwa sababu ulimwengu ulipokuwa mchanga zilikimbia karibu sawa na nuru, na kwenye hesabu zetu tunazitia kapu moja nayo.

Ni kweli nuru haina tungamo. Lakini ina nishati, na tangu Einstein alipokamilisha nadharia yake ya uvutano mwaka 1915 tunajua kwamba nishati ya kila namna huvuta, iwe imejifunga kwenye jiwe au inaruka kama mwale. Kwa hiyo la kuuliza ni nuru ilikuwa nyingi kiasi gani. Hapo ndipo hesabu inaposhangaza, na unaweza kuifanya ubaoni bila kikokotoo.

Chukua debe, lile la lita 20, ulipeleke kwa mawazo anga za mbali kati ya galaksi na galaksi. Utaliona tupu. Wakati wowote utakaochungulia, ndani yake mna fotoni, yaani chembe za nuru, kama milioni 8 na laki mbili za nuru ya kale, iliyobaki tangu Mlipuko Mkuu. Ni fotoni 411 kwa kila sentimita ya ujazo. Sasa tafuta protoni. Tukichukua gesi yote, nyota zote na sayari zote, tukazisaga na kuzimwaga sawasawa ulimwenguni, utahitaji madebe kama 200 ndipo upate protoni moja. Zidisha: kila protoni moja inazungukwa na fotoni bilioni 1.6 hivi. Kwa idadi, sisi tuliotengenezwa kwa atomu ni wachache mno.

Leo wingi huo hauna nguvu kwa sababu kila fotoni imechoka. Mtanuko wa ulimwengu umelirefusha wimbi lake, na wimbi likirefuka nishati hupungua. Joto la nuru hiyo sasa ni kelvini 2.725, yaani nyuzi karibu 270 chini ya sifuri ya Selsiasi. Lakini rudi nyuma. Masafa yote, yaani umbali wa kitu hadi kitu, yakipungua kwa nusu, maada inasongamana mara 8, kwa kuwa ujazo umepungua mara 8. Nuru inasongamana mara 8 vilevile, na juu ya hapo kila fotoni inakuwa na nishati maradufu, hivyo jumla ni mara 16. Kila unaporudi nyuma nuru inaipiga maada hatua. Leo, ukijumlisha na nyutrino, iko nyuma kwa mara 3,400 hivi. Basi zamani za ulimwengu ambao masafa yake yalikuwa mafupi mara 3,400 kuliko sasa, walikuwa sawa kwa sawa. Ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka kama 50,000. Kabla ya hapo mwenye mji alikuwa nuru.

Nuru ilifanya nini na ukubwa huo? Fikiria mpishi anayesukuma chapati, na juu ya donge wako sisimizi wanaotaka kukutana. Sisimizi wanatembea, chapati inatanuka chini ya miguu yao. Mpishi akisukuma polepole watakutana vikundi vikundi. Akisukuma kwa kasi, watatembea siku nzima na umbali baina yao haupungui. Katika ulimwengu, kasi ya kusukuma huenda na jumla ya vyote vilivyomo, na wakati ule karibu vyote vilikuwa nuru. Sisimizi ni maada giza, ile maada isiyotoa wala kupokea nuru ambayo ni mara tano zaidi ya maada ya kawaida. Maada giza ilikuwa inajitahidi kukusanyana, lakini uvutano wake peke yake ulikuwa mdogo mbele ya mtanuko uliopangwa na mwingine. Na nuru haikusaidia kuvuta, kwa sababu haikai kwenye donge: inabanwa, inasukuma, inatoka. Iliongeza kasi ya chapati na haikuongeza mvuto wa sisimizi.

Matokeo yake madonge ya maada giza yalikua kwa mwendo wa kinyonga kwa miaka ile 50,000. Hayakusimama kabisa, na wanafunzi wengi wa chuo hukosea hapo. Yalikua kwa logarithimu, yaani polepole na kwa mwendo uliozidi kufifia, badala ya kukua sambamba na ulimwengu. Hesabu hii inabeba jina la Peter Mészáros, aliyeichapisha mwaka 1974.

Sikiliza sasa kipande ambacho naona ndicho kiini cha jibu lako. Breki hii haikuwapata wote sawa. Ilimpata mdogo zaidi ya mkubwa. Donge dogo, ambalo nuru ilikuwa imeshapata muda wa kulivuka toka ncha hadi ncha, lilizuiwa mapema na likakaa kizuizini muda mrefu. Donge kubwa mno, ambalo nuru ilikuwa haijaweza kulivuka tangu mwanzo wa ulimwengu, lilikuwa bado halijaonja kizuizi, liliendelea kukua. Utawala wa nuru ulipoisha, kila donge likaachiwa na madoa yake. Ndiyo maana ukipima leo galaksi zinavyosongamana kwa vipimo mbalimbali, kuanzia vipimo vikubwa kabisa ukishuka, uzito wa mafungu unapanda, unafika kilele, kisha unaanza kuinama. Mahali unapoinama pamefungamana na umbali nuru iliokuwa imeweza kwenda hadi siku ile ya sawa kwa sawa: kwa vipimo vya leo, kati ya miakanuru milioni 350 na 400. Hiyo ni alama ya kwanza. Haionekani kwa macho, inaonekana kwenye grafu, lakini ipo na imepimwa.

Alama ya pili inapendeza zaidi, kwa sababu hiyo ni sauti.

Maada ya kawaida, yaani gesi ya hidrojeni na heliamu, ilikuwa na shida ambayo maada giza haikuwa nayo. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba elektroni hazikutulia kwenye atomu. Elektroni huru hugongana na fotoni kwa urahisi mno, hivyo gesi na nuru viliganda kuwa kitu kimoja kizito, kama ugali na maji: huwezi kuyasogeza maji ukauacha unga. Uvutano ukiivuta gesi iingie kwenye donge, nuru inaingia nayo. Ikibanwa, inapata joto na kusukuma nje. Ikisukuma nje inapoa, uvutano unairudisha.

Umewahi kupika maharage kwenye sufuria yenye kifuniko chepesi? Mvuke unakiinua, unatoka kidogo, kifuniko kinaanguka kwa uzito wake, mvuke unajaa tena, kinainuka. Tak, tak, tak. Hapo una uzito upande mmoja na msukumo upande mwingine, na kati yao mtikisiko. Ulimwengu mzima ulikuwa hivyo, mafuniko yasiyohesabika yakidundadunda, na mtikisiko wa namna hiyo ukisafiri ndani ya gesi tunauita sauti. Kwa kuwa kilichosukuma ni nuru, sauti hiyo ilikuwa na kasi ya ajabu: asilimia 57 hivi ya kasi ya nuru, ikapungua kidogo gesi ilipozidi kuwa nzito. Andrei Sakharov wa Urusi alishaiona kimahesabu mwaka 1965, na mwaka 1970 ikaandikwa vizuri mara mbili, na Jim Peebles na Jer Yu huko Marekani, na Rashid Sunyaev na Yakov Zeldovich huko Moscow.

Chukua donge moja tu. Katikati imekaa maada giza, haina habari na nuru, haisukumwi. Gesi na nuru zinatoka hapo kama duara la wimbi jiwe linapotumbukia bwawani, ila hili ni tufe, linaenda pande zote. Linaenda miaka 380,000 hivi. Kisha ulimwengu unapoa hadi kelvini 3,000, elektroni zinashikwa na protoni, atomu za kwanza zinatokea, na nuru haina tena cha kugongana nacho. Inaondoka moja kwa moja. Gesi iliyokuwa inasukumwa inaachwa pale pale ilipofika, kama abiria aliyeshushwa njiani. Umekuwa na donge la maada giza katikati na ganda la gesi kulizunguka. Maganda hayo yalitanuka pamoja na ulimwengu, na leo nusu kipenyo chake ni miakanuru milioni 480 hivi.

Tangu hapo katikati na ganda vikavutana, vikachanganyika, galaksi zikazaliwa kote kote, lakini zikawa nyingi kidogo zaidi mahali palipokuwa na donge na mahali palipokuwa na ganda. Kidogo kweli: ukisimama kwenye galaksi moja, uwezekano wa kuikuta nyingine kwenye umbali huo unazidi wa kawaida kwa asilimia moja hivi. Hutaona pete angani hata ukodoe macho, kwa sababu maelfu ya maganda yamepishana kama pete za matone ya mvua kwenye dimbwi. Inabidi uhesabu. Mwaka 2005 timu ya Daniel Eisenstein ilichukua galaksi nyekundu angavu 46,748 za ramani ya anga iitwayo Sloan, ikapima umbali wa kila jozi, na kilima kidogo kikajitokeza kwenye grafu mahali pale pale kilipotabiriwa. Mwaka huo huo timu ya Shaun Cole ikakiona kwenye ramani nyingine, iliyopimwa kutoka Australia. Siku hizi kazi hiyo inaendelezwa na kifaa cha DESI huko Kitt Peak, Arizona: roboti 5,000, kila moja ikishika uzi mmoja wa kioo na kuulenga kwenye galaksi yake.

Kwa hiyo mwambie binti yule kwamba kuna rula angani iliyokatwa na nuru, na wanafalaki wanaitumia kila siku kupima kasi ya mtanuko.

Nuru haikukata rula tu. Ilifuta pia. Mshikamano wake na gesi haukuwa kamili. Fotoni zilipenya polepole, hatua hapa, mgongano, hatua kule, zikivuja kutoka madonge madogo na kuikokota gesi nyuma yake hadi donge likasawazika na jirani. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi hakupata nafuu, alifika sokoni hana mzigo. Joseph Silk alilieleza hili mwaka 1968 na ufutaji huo unaitwa kwa jina lake. Tungekuwa na gesi na nuru peke yake, madonge yote ya ukubwa wa kutengeneza galaksi ndogo yangekuwa yamesawazishwa kabla atomu ya kwanza haijatokea.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: sasa sisi tumetokea wapi? Swali hilo ndilo lililowasumbua wataalamu miaka ya 1970. Nuru ile ya kale ilikuwa imeshagunduliwa, kwa bahati, na Arno Penzias na Robert Wilson huko Holmdel, New Jersey, mwaka 1964. Walidhani kelele kwenye antena yao inatokana na kinyesi cha njiwa, wakasafisha, kelele ikabaki, na mwaka 1978 wakapewa Nobeli. Kila aliyeipima baada yao aliikuta laini mno. Ilipofika mwaka 1992 setilaiti ya COBE ikatangaza hatimaye kwamba ina madoa, lakini madogo: tofauti ya sehemu moja kwa laki.

Fanya hesabu. Nuru ilipoiachia gesi, masafa yalikuwa mafupi mara 1,100 kuliko leo. Baada ya hapo donge hukua sambamba na mtanuko, basi limekua mara 1,100, si zaidi. Tofauti ya sehemu chache kwa laki ukiizidisha mara 1,100 unapata asilimia chache. Yaani ulimwengu wa leo ungekuwa gesi iliyotandazwa, hapa nzito kwa asilimia mbili, pale nyepesi kwa asilimia mbili. Hakuna Jua, hakuna Tanga. Mimi nikifundisha hapa huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu kwangu huu ni ushahidi wa maada giza ulio mzito kuliko hata ule wa kasi za galaksi zinavyozunguka. Lazima kulikuwa na kitu ambacho nuru haikuweza kukishika, kilichoanza kujikusanya tangu mwaka ule wa 50,000 wakati gesi bado inadunda kwenye sufuria. Gesi ilipoachiwa, ilikuta mashimo yameshachimbwa, ikatumbukia. Peebles ndiye aliyeweka hoja hiyo kwenye karatasi mwaka 1982, akitumia maada giza baridi, yaani ile inayokwenda polepole, na ni sehemu ya kazi iliyompatia Nobeli ya 2019.

Nyutrino nitazipitia haraka. Nishati yake enzi hizo ilikuwa karibu theluthi mbili ya ile ya fotoni, kwa hiyo ziliisaidia nuru kutawala na kuchelewesha ile siku ya usawa. Zenyewe hazikugongana na mtu, zikatangulia mbele ya mawimbi ya sauti na kuyavuta kidogo sana, na mvuto huo umeonekana kwenye vipimo. Baadaye zilipopungua kasi zikawa kama maada, lakini nyepesi na zenye haraka, haziwezi kutulia kwenye shimo dogo. Ndiyo sababu wanaopima galaksi leo wanaweza kusema kitu kuhusu tungamo la nyutrino, chembe ambayo maabara za duniani zinahangaika kuipima.

Hadi hapo nimezungumzia nuru ya kwanza. Kuna ya pili, ile ya nyota, na wanafunzi wako wataipenda kwa kuwa inahusu majirani zetu.

Baada ya nuru ya kale kuondoka ulimwengu ulikuwa giza kwa zaidi ya miaka milioni mia moja. Kisha gesi iliyotumbukia kwenye mashimo ya maada giza ikaanza kuwaka nyota. Hapa mionzi inageuza upande, na naomba ulitilie hili maanani kwa sababu vitabu vingi huliruka. Gesi ikiporomoka inapata joto, na joto linaisukuma nje. Ili iendelee kuporomoka lazima itoe joto hilo, na njia yake ya kulitoa ni kung'aa. Bila kutoa mionzi hakuna nyota wala galaksi. Ile ile iliyokuwa kizuizi sasa ni dirisha la jikoni, moshi utoke mpishi aendelee. Nyota za kwanza zilitegemea molekuli za hidrojeni kufungua dirisha hilo. Zilipowaka, miale yao ya urujuanimno ikazivunja molekuli za jirani. Wa kwanza kuota moto akamzimia mwenzake jiko.

Dirisha hilo pia ndilo lililoweka kikomo cha galaksi. Mwaka 1977 Martin Rees na Jeremiah Ostriker walionyesha kwamba wingu la gesi linalozidi tungamo la majua trilioni moja hivi haliwezi kupoa kwa wakati. Linabaki la moto na limetanda. Ndiyo maana kwenye mafundo makubwa ya utando hatuoni galaksi moja kubwa kama jitu, tunaona mamia ya galaksi zikielea ndani ya gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Na ujue tulianza kuiona gesi hiyo kutoka wapi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kupima eksirei za angani, na moja ya iliyoyaona ni kwamba mafundo ya galaksi, kama lile la Koma na lile la Perseus, yanang'aa eksirei katika eneo pana, siyo kwenye nukta. Gesi hiyo ndiyo maada ya kawaida iliyo nyingi zaidi ndani ya fundo. Nyota ni kachumbari pembeni.

Turudi kwa majirani. Urujuanimno wa nyota na galaksi za mwanzo ulivunja tena atomu za hidrojeni zilizotapakaa katikati ya galaksi, kazi iliyokamilika ulimwengu ukiwa na miaka kama bilioni moja. Gesi ikapashwa hadi nyuzi 10,000 na zaidi. Kwa galaksi kubwa hilo si neno, uvutano wake unaimudu gesi hiyo. Kwa shimo dogo la maada giza ni msiba: gesi inachemka na kutoka, mpya haiingii, nyota haziwaki tena. Miaka ya 1990 hesabu za kompyuta zilikuwa zinatabiri mamia ya visetilaiti vya maada giza kuizunguka galaksi yetu, na waangalizi walikuwa wamehesabu dazeni moja tu. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba vipo lakini vilinyimwa gesi na nuru. Baadaye tulipata vile vilivyoambulia nyota chache kabla mlango haujafungwa. Segue 1, kwa mfano, ni galaksi kamili yenye maada giza yake, lakini nuru yake yote haifikii ya majua elfu moja, na nyota zake ni vikongwe.

Ukitaka kuwaonyesha jirani aliyenusurika, wangoje Januari, kaskazi likivuma na anga likiwa safi. Tokeni nje ya taa za mji, upande wa Pangani, na mtazame kusini kama saa tatu usiku. Nyuzi kama 25 juu ya upeo wa macho kuna kiraka cheupe kinachofanana na wingu lililosahaulika na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa miakanuru 160,000. Lilikuwa zito vya kutosha kushika gesi yake, na hadi leo linazaa nyota.

Wakati wa mlango kufungwa, ndio tunaouchunguza sasa. Hidrojeni ambayo haijavunjwa hutoa wimbi la redio la sentimita 21, megahezi 1,420. Wimbi lililotoka enzi ya galaksi za kwanza limeshatanuka mara 14 au 15, na ukigawanya utaangukia megahezi 95 hadi 101, katikati kabisa ya idhaa zetu za FM. Ndiyo maana madishi 350 ya HERA, darubini ya redio, kila moja likiwa na upana wa mita 14, yamejengwa kwenye jangwa la Karoo huko Afrika Kusini, mbali na stesheni za taarabu na mpira.

Umeuliza alama ambayo mtu anaweza kuiona. Kuna moja ya bei rahisi. Kabla ya ving'amuzi kuingia, televisheni ikikosa stesheni ilijaa chenga, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazocheza na kuvuma "shhh". Tafuta televisheni ya zamani ya kichogo, pengine kwa fundi wa mtaani iko moja chini ya meza. Iunganishe na antena, weka chaneli isiyo na kitu. Nyingi ya chenga hizo zinatoka kwenye kifaa chenyewe na kelele za mjini. Lakini sehemu ndogo yake ni fotoni zile za kwenye debe, ambazo kitu cha mwisho kuzigusa kabla ya antena ya darasa lako kilikuwa elektroni, miaka bilioni 13.8 iliyopita, siku zilipoiachia gesi. Mwite binti aliyenyoosha mkono akae mbele.